Riwaya Iliyozinduliwa Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha The Rage of Dragons

Mwaka 2017 Evan Winter alijichapishia riwaya yake ya kwanza, The Rage of Dragons, kupitia Amazon, bila kampuni ya uchapishaji nyuma yake na bila jina ambalo msomaji wa fantasia angelitambua. Julai 2019 riwaya hiyohiyo, kwa jina lilelile, ilitoka upya kwa jalada gumu chini ya nembo ya Orbit, tawi la fantasia na bunilizi za kisayansi la kampuni kubwa ya Hachette. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya bahati: mtu asiyejulikana anaandika kitabu, kitabu kinapendwa, kampuni kubwa inagonga mlango. Simulizi ya namna hiyo haimsaidii mwandishi wala mchapishaji anayetaka kuelewa kilichotokea. Uchambuzi huu unashikilia kwamba kilichokivusha kitabu kutoka uzinduzi wa kwanza hadi wa pili ni maoni ya wasomaji, na kwamba katika maoni hayo, yaliyofanya kazi kubwa zaidi hayakuwa yale yaliyojaa sifa, bali yale yaliyomweleza msomaji mwingine kwa usahihi ni kitabu cha namna gani, kina ukatili wa kiasi gani, na ni nani asijisumbue kukinunua.

Mwandishi mwenyewe anastahili maneno machache. Winter alizaliwa Uingereza kwa wazazi wenye asili ya Amerika ya Kusini, akalelewa Afrika, nchini Zambia, na kwa maelezo yake ana mababu wa Kixhosa. Kabla ya kuandika riwaya alikuwa mwongozaji na mpiga picha wa filamu, akafanya kazi nyingi za video za muziki, kisha akawa mkurugenzi wa ubunifu katika kampuni kubwa. Ameeleza kwamba alizipenda riwaya za fantasia tangu zamani, lakini mwanawe alipozaliwa ndipo alipotambua jinsi zilivyo chache zile ambazo mashujaa wake wanafanana naye, akaamua kuziandika kabla muda haujamtoka. Historia hii ina uzito katika kisa chetu kwa sababu mbili. Kwanza, hakuwa kijana aliyekuwa akijaribu kalamu yake kwa mara ya kwanza katika maisha ya kazi. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kutoa kazi kwa tarehe iliyopangwa na kuiona ikihukumiwa na wateja. Pili, sababu yake ya kuandika ilikuwa pia sababu ya kusoma kwa watu wengine wengi, hata kabla hawajajua kwamba kitabu kipo.

Sasa kitabu. Watu wa Omehi waliikimbia nchi yao, wakavuka bahari na kutua kwa nguvu katika rasi ambayo ilikuwa na wenyewe, na kwa karibu miaka 200 wamepigana vita wasivyoweza kuvishinda. Jamii yao imepangwa kwa damu. Mwanamke mmoja kati ya 2,000 huzaliwa na uwezo wa kuita majoka. Mwanamume mmoja kati ya 100 anaweza kugeuzwa kwa uchawi akawa mkubwa, mwenye nguvu na mwepesi kupita binadamu wa kawaida. Waliobaki ni nyama ya vita. Tau, kijana wa tabaka la chini, ana mpango mdogo wa kujeruhiwa mapema, kurudi nyumbani na kuoa. Baba yake anauawa mbele yake na watu wa tabaka la juu ambao sheria haiwezi kuwagusa, naye anaapa kuwa mpiganaji bora kuliko wote ili awaue mmoja baada ya mwingine. Kwa kuwa maumbile yamemnyima nguvu walizonazo wakubwa, anatafuta njia isiyo na mfano: anaingia katika ulimwengu wa mapepo, ambako muda hauendi sawa na wa duniani, na huko anapigana, anararuliwa, anakufa kwa maumivu kamili, anarudi, kisha anaingia tena.

Hiyo ndiyo fantasia ya giza kwa maana yake halisi. Damu peke yake haitoshi kuipa riwaya sifa hiyo, kwani damu imo hata katika ngano za watoto. Giza la riwaya hii limo katika hesabu yake: kila ushindi wa Tau unalipiwa kwa kitu ambacho hakitarudi, na mara nyingi anayelipa ni mtu aliyesimama karibu naye. Msomaji anapewa shujaa ambaye hasira yake inaeleweka na inatisha kwa wakati mmoja, na mwandishi hamwahidi kwamba hasira hiyo itamfikisha pema.

Kazi ya namna hii, ikiwa ya kwanza na ya mtu asiyejulikana, ina tatizo maalumu siku ya kuzinduliwa. Mlango wa kawaida wa uhakiki umefungwa. Majarida ambayo maduka na maktaba za Marekani huyategemea, kama Publishers Weekly lililoanza mwaka 1872 na Kirkus lililoanza mwaka 1933, hutaka nakala miezi mitatu au zaidi kabla ya tarehe ya kutoka, na ratiba yao imejengwa juu ya orodha za wachapishaji wanaojulikana. Kirkus inao mpango wa kuhakiki vitabu vya waliojichapishia, lakini mwandishi hulipa mamia ya dola, na msomaji wa fantasia anayejua jambo hilo huuchukulia uhakiki wa kulipiwa kwa tahadhari. Magazeti makubwa hayamo kabisa katika hesabu. Kinachobaki ni wanunuzi wenyewe, wale wachache wanaotumia jioni yao kuandika aya mbili kuhusu kitabu cha mtu wasiyemjua.

Mpangilio wa malipo wa Amazon unaeleza kwa nini njia hiyo, pamoja na ugumu wake, ina mvuto. Mwandishi anayeuza kitabu cha kielektroniki kwa bei ya kati ya dola 2.99 na 9.99 anaweza kupata mrabaha wa asilimia 70. Nje ya mipaka hiyo hupata asilimia 35. Kwa mchapishaji wa kawaida, kiwango kilichozoeleka kwa kitabu cha kielektroniki ni asilimia 25 ya kile mchapishaji anachopokea. Kwa hiyo mwandishi aliyejichapishia anaweza kuuza kwa bei ambayo msomaji hasiti kuitoa kwa jina geni, na bado akabakiwa na kitu. Bei ndogo hupunguza woga wa kujaribu, na kila aliyejaribu ni mhakiki mtarajiwa. Sheria za Amazon haziruhusu ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi kutoa maoni, na Oktoba 2016 kampuni hiyo ilipiga marufuku maoni yanayotolewa kwa kubadilishana na bidhaa ya bure, isipokuwa kwa vitabu, ambavyo desturi ya kugawa nakala za awali iliachwa iendelee. Mwandishi anaweza kumpa msomaji nakala, lakini hawezi kumdai nyota.

Wakati huo kulikuwapo pia njia nyingine iliyopangwa vizuri zaidi. Mwaka 2015 mwandishi Mark Lawrence, ambaye riwaya yake ya kwanza ya giza ya mwaka 2011 iligawa wasomaji vibaya sana, alianzisha shindano la fantasia za waliojichapishia: vitabu 300 hugawiwa kwa timu 10 za wahakiki, kila timu huchagua kimoja, na hivyo 10 vilivyobaki husomwa na timu zote na kupewa alama. Shindano hilo limewatoa gizani waandishi kadhaa, lakini hesabu yake yenyewe ni kali, kwani vitabu 290 huondolewa kabla ya fainali, na vingi kati yake huondolewa baada ya mhakiki kusoma kurasa chache tu. Ninalitaja hapa kwa sababu linaonyesha jinsi nafasi ya mtu wa kwanza kukusoma ilivyo finyu, hata pale anapokuwa na nia njema kabisa.

Riwaya ya Winter iliivuka nafasi hiyo finyu kwa mwendo wake. Kila anayepitia maoni ya wasomaji wa kitabu hiki, ya mwanzo na ya baadaye, atakutana na jambo moja likijirudia: watu wanasema hawakuweza kukiweka chini. Sifa hiyo ni ya kawaida mno katika maoni ya vitabu, na pekee yake haiuzi chochote. Lakini wasomaji wa kitabu hiki waliongeza maelezo ya kwa nini. Walisema kwamba sehemu kubwa ya hadithi ni mafunzo ya kijeshi. Kwamba mapigano yameandikwa kwa namna ambayo mtu anajua kila mguu umekanyaga wapi. Kwamba mpango mzima unafanana na katuni za Kijapani za vijana, zile ambazo shujaa dhaifu anafanya mazoezi kupita kiasi hadi anawapita waliozaliwa na vipaji. Na kwamba ulimwengu wake umejengwa kwa majina, mavazi na mandhari ya Afrika badala ya majumba ya mawe na theluji za Ulaya. Maelezo hayo manne, yakiwekwa pamoja, yanamtosha msomaji kuamua. Anayechoshwa na mafunzo ya upanga ataondoka. Anayependa katuni hizo, na ambaye hakuwahi kufikiri kwamba fantasia nene ya watu wazima inaweza kumpa ladha ileile, atanunua papo hapo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaowashauri waandishi wapya kukusanya nyota tano kwa wingi. Kwa riwaya ya giza, sifa isiyo na maelezo ni hatari. Inamleta dukani msomaji ambaye alitaka safari ya kufariji, anakutana na baba anayekufa akivuja damu mbele ya mwanawe, anakasirika kwa kudanganywa, na kurudi kuandika maoni ya nyota moja ambayo yana haki yote. Maoni mahususi yanafanya kazi ya mlinzi wa mlango. Yanawazuia wasiostahili kuingia na kuwapokea waliotafutwa, na hao waliotafutwa wakishasoma wanaandika maoni mengine ya namna hiyohiyo. Kwa sababu mapendekezo ya Amazon hutegemea kwa kiasi kikubwa nani amenunua nini pamoja na nini, kitabu kinachopata wasomaji wanaofanana huanza kupendekezwa kwa watu wa aina hiyo. Kitabu kilichonunuliwa na watu wa kila aina kwa kubahatisha hakijengi mkondo huo.

Hata maoni ya kulaumu yalisaidia, na hili nalisema bila kubeza lawama zenyewe. Lawama kuu tatu zimekuwa zikijirudia: kwamba Tau ana wazo moja kichwani na hasira moja moyoni kwa kurasa mia kadhaa, kwamba mapigano ni mengi hata yanachosha, na kwamba wanawake, katika jamii ambayo malkia hutawala na nguvu ya kuita majoka ni ya wanawake, wamepewa nafasi ndogo mno kwenye ukurasa. Ya kwanza na ya pili ni suala la ladha, na msomaji anayeambiwa kwamba kitabu kizima ni mafunzo na mapigano anaweza kuisoma lawama hiyo kama tangazo. Ya tatu ni ya ufundi, nami naona walioitoa walikuwa sahihi. Zuri, mpenzi wa Tau, ana uwezo ambao ungeweza kubeba riwaya yake mwenyewe, lakini anaonekana pale shujaa anapomhitaji na kutoweka pale asipomhitaji. Mhariri mkali angeliona hilo. Msomaji aliyelipa dola chache aliliona pia, akalisema waziwazi, na lawama hiyo ikabaki pale ikimsubiri mwandishi na mchapishaji wake wa baadaye.

Kati ya matoleo hayo mawili, wasomaji wa fantasia wa Reddit, jukwaa la majadiliano mtandaoni, walikizungumzia kitabu hiki kwa ari, wakikipendekeza kila mtu alipouliza kuhusu kisasi, kuhusu mafunzo au kuhusu ulimwengu usio wa Ulaya. Mhariri aliyekichukua kwa niaba ya Orbit ni Brit Hvide. Uamuzi wake haukuwa wa kubahatisha kama unavyoweza kuonekana kwa mbali, kwa kuwa Orbit walikuwa wameshaipita njia hiyo. Mwaka 2011 walitoa upya riwaya za Michael J. Sullivan, ambaye awali alijichapishia. Tawi lao la Uingereza lilimchukua Anthony Ryan ambaye naye alianza hivyohivyo. Na mwanzoni mwa 2018 walimtoa Josiah Bancroft, ambaye kitabu chake kilikuwa kimekaa karibu bila kusomwa tangu 2013 mpaka shindano la Mark Lawrence lilipomfanya aonekane. Kampuni iliyofanya hivyo mara kadhaa inajua inachokinunua. Mswada wa kawaida unaotua mezani kwa mhariri una sauti ya mwandishi na ahadi ya wakala wake tu. Mswada wa Winter ulikuja na ushahidi wa watu waliotoa fedha zao, waliomaliza kusoma, na walioeleza kwa maneno yao walichokipenda na kilichowaudhi. Mhariri anayepaswa kuishawishi idara ya mauzo hahitaji tena kukisia msomaji ni nani, anaweza kumwonyesha.

Mazingira ya soko nayo yalichangia, ingawa naona huwa yanatiliwa chumvi. Februari 2018 filamu ya Black Panther ilijaza kumbi za sinema duniani kote; mwezi uliofuata riwaya ya kwanza ya Tomi Adeyemi, iliyojengwa juu ya imani za Kiyoruba na kulengwa kwa vijana, ilipokelewa kwa shangwe; na Februari 2019 Marlon James, mshindi wa Tuzo ya Booker ya mwaka 2015, alitoa fantasia yake ya Kiafrika ambayo ni ngumu kimtindo na ya kikatili kwelikweli. Mtu anaweza kusema Winter alibebwa na wimbi hilo. Lakini yeye alikuwa ameshachapisha kabla ya hayo yote, na kitabu chake hakifanani na vitabu hivyo viwili. Hakikuandikwa kwa vijana, wala hakitaki msomaji ahangaike na sentensi. Kilikaa mahali palipokuwa wazi: fantasia ya watu wazima, ya mapigano, inayokwenda mbio, yenye ulimwengu wa Kiafrika usioomba ruhusa wala kujieleza.

Uzinduzi wa pili ulikuwa na kila kitu ambacho wa kwanza haukuwa nacho: jalada jipya, nakala za awali kwa wahakiki wa majarida na kwa waandishi wenzake ili watoe maneno ya kupamba jalada, nafasi katika maduka, na kitabu cha sauti kilichosomwa na Prentice Onayemi. Kuhusu sauti nitasema tu kwamba kwa riwaya ya majina mengi ambayo msomaji wa Marekani hajui ayatamke vipi, msomaji mzuri wa sauti ni zaidi ya pambo, na watu wengi wanaokipendekeza kitabu hiki hupendekeza kukisikiliza.

Kilichonivutia zaidi ni sentensi ya kukiuzia. Orbit walikitambulisha kwa kukilinganisha na tamthilia ya Game of Thrones na filamu ya Gladiator kwa pamoja. Ukitazama kalenda, utaona sababu: sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Game of Thrones ilirushwa tarehe 19 Mei 2019, ikiwaacha mamilioni ya watazamaji bila joka la kutazama, na jalada gumu la Winter likatoka katikati ya Julai. Kibiashara ilikuwa akili. Kiuhakiki ilikuwa na gharama. Nusu ya pili ya mlinganisho ni sahihi kabisa, kwa kuwa hiki ni kisa cha mtu aliyedhulumiwa anayepanda ngazi kwa upanga mbele ya watu. Nusu ya kwanza inapotosha. Game of Thrones ni hadithi ya koo nyingi, macho mengi na hila za ikulu, ambayo hakuna mtu mmoja anayeimiliki. The Rage of Dragons kwa sehemu kubwa inamfuata Tau, na siasa ya ikulu inamfikia kama radi inavyomfikia mkulima. Msomaji aliyeingia kupitia mlango huo alikuja akitafuta njama, akapewa uwanja wa mazoezi. Ni jambo la kuangalia kwamba wasomaji wa 2017, bila idara yoyote ya mauzo, walikuwa wameshapata mlinganisho ulio karibu zaidi na ukweli, ule wa katuni za Kijapani, lakini mlinganisho huo pengine usingemshawishi mnunuzi wa duka kubwa aliyekuwa akitafuta cha kuweka mezani baada ya tamthilia kuisha.

Kuna upande mmoja ambao wahakiki wa nje waliupita haraka mno. Wengi waliandika kwamba ulimwengu wa kitabu hiki ni wa Kiafrika, wakaishia hapo, kana kwamba neno hilo limemaliza kazi. Msomaji wa Kiswahili anayekifungua anakutana na malkia wa sura ya kwanza aitwaye Taifa, kijana wa tabaka la juu aitwaye Jabari, msichana aitwaye Zuri na mpiganaji aitwaye Hadith, wakiwa ndani ya kitabu kimoja na Yaw ambaye jina lake ni la Ghana na Uduak ambaye jina lake ni la kusini mashariki mwa Nigeria, huku vyeo vya kijeshi na ulimwengu wa mapepo vikiitwa kwa maneno yenye asili ya kusini mwa bara. Huu si ulimwengu wa Kixhosa uliohamishiwa kitabuni. Ni mchanganyiko wa makusudi, uliotengenezwa na mtu wa ughaibuni kwa ajili ya mwanawe, na ulistahili kuhakikiwa hivyo, kwa kuuliza mchanganyiko huo unafanikiwa wapi na unalegea wapi. Kwangu unafanikiwa katika mpangilio wa jeshi na unalegea katika maisha ya nyumbani, ambako chakula, ndoa na ibada havina mwili wa kutosha.

Zaidi ya hapo, sura ya kwanza ni ya merikebu zinazotua ufukweni, watu wenye silaha ambazo wenyeji hawana, na moto unaoteketeza wanaojaribu kuilinda ardhi yao. Anayetua ndiye tunayeombwa kumfuata. Kwa msomaji wa Kiswahili, katika eneo ambalo kumbukumbu ya meli za kivita za kigeni haijafutika, sura hiyo haisomeki kama utangulizi wa kusisimua tu. Kitabu chenyewe kinalijua swali hilo, na kadiri kinavyoendelea wenyeji wa rasi wanaacha kuwa kundi la maadui wasio na sura, lakini Tau amezama katika kisasi chake kiasi kwamba swali la ardhi ni ya nani linabaki pembeni. Mhakiki aliyelisimamia jambo hili angeweza kukisifu kitabu kwa ujasiri au kukilaumu kwa kukwepa. Mimi naona kimefanya yote mawili. Sehemu kubwa ya maoni yaliyoandikwa wakati wa uzinduzi wa pili haikuligusa, kwa sababu ilikuwa na shughuli ya kupongeza uwakilishi, ambao ni jambo jema lakini haumalizi uhakiki.

Matokeo ya kibiashara na ya heshima yalikuja. Kitabu kilipata tuzo ya wasomaji wa fantasia wa Reddit ya riwaya bora ya kwanza, na mwaka 2020 jarida la Time lilikiweka katika orodha yake ya vitabu 100 bora vya fantasia vya wakati wote. Tuzo ya kwanza inaeleweka kirahisi, kwa kuwa waliotoa ndio waliokuwa wakikipendekeza. Orodha ya Time ni mjadala mwingine. Ninakipenda kitabu hiki, na bado nadhani kuwekwa kwenye orodha ya namna hiyo ndani ya miaka mitatu ya kuzaliwa kwake ni haraka kupita kiasi. Kwa mchapishaji, hata hivyo, mstari mmoja wa Time kwenye jalada unafanya kazi ambayo maoni 1,000 ya wanunuzi hayawezi kuifanya mbele ya mtu asiyejua fantasia. Makundi hayo mawili ya sifa yanazungumza na watu tofauti, na kosa la waandishi wengi wapya ni kutafuta la pili wakati hawajapata la kwanza.

Lipo jambo ambalo uzinduzi wa pili ulibadilisha moja kwa moja katika uandishi. Kitabu cha pili, The Fires of Vengeance, kilitoka Novemba 2020 kikiwa cha Orbit tangu mwanzo, na ndani yake malkia Tsiora, anayetawala wakati wa Tau, yumo katikati ya hadithi, ana hila zake, ana makosa yake, na Tau analazimika kupanga kisasi chake ndani ya malengo yake. Siwezi kuthibitisha kwamba mwandishi aliyasoma maoni ya 2017 na kuyafanyia kazi. Huenda mpango ulikuwa hivyo tangu awali. Lakini lawama iliyokuwa nzito zaidi ya wasomaji wa mwanzo ndiyo iliyopunguzwa zaidi, na riwaya imepata siasa ambayo sentensi ya mauzo ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeiahidi kabla ya wakati wake.

Mfululizo huo umepangwa kuwa wa vitabu vinne, na mwisho wa 2023, miaka mitatu baada ya cha pili, cha tatu kilikuwa bado hakijafika mikononi mwa wasomaji. Hali hiyo ilibadilisha tena sura ya maoni kuhusu kitabu cha kwanza. Anayekipendekeza hulazimika sasa kuongeza onyo kwamba safari haijakamilika, na wapo wasomaji wa fantasia, waliowahi kusubiri vitabu vya waandishi wengine kwa miaka kumi na zaidi, ambao onyo hilo linatosha kuwafanya wangoje. Wanaopenda mapigano yenyewe hawajali. Wanaotaka kujua ardhi ile itabaki kwa nani, ambao mimi ni mmoja wao, wana sababu nzuri ya kuvinunua viwili vya mwanzo na kuanza na cha kwanza, wakiisoma sura ya merikebu polepole.